Imeandikwa Wapi?

Jioni ya siku ya tatu baada ya mazishi, watu wa shirika walikusanyika katika nyumba moja ya mabati kwenye mtelemko wa Kadutu, hapa Bukavu. Mvua ilikuwa imekatika, na viatu vya matope vilijaa mlangoni. Mama mjane aliketi mkekani katikati ya dada zake. Msimamizi wa shirika akatoa rozari mfukoni, akafanya ishara ya msalaba; na papo hapo mwana wa kwanza wa marehemu akasimama. Alikuwa amevaa koti jeusi la baba yake, na mkononi ameshika Biblia.

“Mama,” akasema kwa upole, “nanyi wazee wangu, nisameheni. Baba nilimpenda kama ninyi mlivyompenda. Lakini sala kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa imeandikwa wapi? Mungu alituonya tusiongeze neno juu ya neno lake. Nionyesheni mahali, nami nitapiga magoti pamoja nanyi.”

Kijana huyo alibatizwa katika parokia yetu, akapokea Komunyo ya kwanza na Kipaimara papo hapo. Baadaye, alipokuwa shuleni, alijiunga na kanisa jingine, na tangu siku ile haji tena Misani. Hakusema kwa dharau. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mama yake.

Basi, tulimjibu nini? Mzee mmoja alisema, “Sisi tulikuta hivi.” Mwingine akasema, “Nia yetu ni njema, na Mungu anaiona.” Wa tatu akakasirika, akamwambia atoke nje asiwasumbue wafiwa. Mwisho mama akainua kichwa, akamwuliza, “Mwanangu, hicho kitabu ulichoshika, nani alikupa cha kwanza?”

“Ni Baba,” akajibu. Akakaa. Rozari ikasaliwa mpaka mwisho, naye hakufungua kinywa.

Mimi nilikuwapo. Nimefundisha dini darasani kwa miaka mingi, lakini usiku ule nilinyamaza kama bubu. Jambo hilo limenisumbua moyoni. Wasomaji wapenzi, yafuatayo ndiyo niliyopaswa kumwambia kijana yule, na pia ndiyo niliyopaswa kuwaambia wazee wale. Maana nadhani wao walikosa zaidi kuliko yeye.

Kwanza tukubali kwamba swali lake ni halali. Aliyeliuliza kabla yake ni Bwana wetu mwenyewe. Someni Injili ya Marko, sura ya 7. Mafarisayo walilalamika kwamba wanafunzi wanakula bila kunawa mikono kwa desturi ya wazee. Yesu akawajibu kwa ukali kwamba wanaiacha amri ya Mungu ili washike mapokeo ya wanadamu, akawapa mfano wa Korbani. Mtu alikuwa na mali ya kuwasaidia baba yake na mama yake waliozeeka. Akatamka kwamba mali ile ni Korbani, yaani ni sadaka ya Mungu. Na tangu hapo hakuruhusiwa tena kuwatendea wazazi wake neno lo lote kwa mali ile. Tuangalie vizuri: desturi hiyo haikubuniwa na wezi. Nia yake ilikuwa kumheshimu Mungu kwa mali! Kumbe chini ya nia hiyo njema wazee walikufa njaa, na amri ya nne ikabaki maandishi matupu.

Kwa hiyo yule mzee aliyesema kwamba nia yetu ni njema hakujibu kitu. Mfalme Daudi naye alikuwa na nia njema. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 7, aliona haya kukaa katika nyumba ya mierezi huku Sanduku la Agano limekaa hemani, akataka kumjengea Mungu nyumba. Nabii Nathani mwenyewe akamwambia afanye yote yaliyomo moyoni mwake. Usiku ule ule Mungu akamrudisha nabii na jibu jingine: siyo Daudi atakayejenga, ni mwanawe. Mfalme mtakatifu alikuwa na wazo zuri, na nabii wa kweli alilikubali. Lakini wazo lilikuwa la wanadamu, likakataliwa. Mtu asiseme basi kwamba machozi na moyo mwema vinatosha kuanzisha ibada.

Lakini je, tukiisha kukubali hayo, inafuata kwamba kila tendo la Kanisa lazima liwe na aya yake? Hapo ndipo kijana wetu alipopita kiasi. Yesu huyo huyo aliyelaumu Korbani aliingia kila Sabato katika sinagogi, wala hatuoni katika Torati ya Musa amri ya kujenga masinagogi. Tena Injili ya Yohane, sura ya 10, yasimulia kwamba wakati wa baridi, siku ya sikukuu ya Kutabaruku, Bwana alikuwa akitembea hekaluni katika ukumbi wa Solomoni. Sikukuu hiyo Musa hakuijua kamwe. Iliwekwa na Yuda Makabayo na ndugu zake pamoja na mkutano wote wa Israeli, mwaka 164 kabla ya Kristo, walipolitakasa hekalu lililochafuliwa na wapagani. Waliiweka wanadamu, kwa shukrani. Yesu hakuikemea wala hakuikimbia.

Basi tofauti ya Korbani na Kutabaruku iko wapi? Zote mbili ni desturi zilizowekwa na watu. Moja ilivunja amri ya Mungu na kumnyang’anya mzee chakula chake. Nyingine ilikumbuka matendo ya Mungu, ikakubaliwa na taifa zima la waamini, haikumdhulumu mtu. Kipimo cha Bwana si kuuliza tu kama jambo limeandikwa. Anauliza linafanya nini juu ya lile lililoandikwa: linalitimiza, au linalizika?

Na ndugu zetu wa makanisa mengine, tuwaambie bila uchokozi, wanaishi hivyo hivyo. Wanaadhimisha Noeli tarehe 25 Desemba, wana shule ya Jumapili, wana kwaya zenye sare, na wengine wana vipaza sauti ambavyo mtaa mzima unavifahamu. Sijaiona bado aya ya kipaza sauti. Siwalaumu, nasema tu kwamba hakuna Kanisa duniani linaloweza kusali hata juma moja bila kufanya jambo ambalo halikuandikwa.

Sasa turudi kwa swali la mama: kitabu hicho nani alikupa? Sidhani kwamba alitaka kuhojiana juu ya elimu ya dini, lakini aligusa mzizi wa jambo. Waraka wa kwanza kwa Watesalonike, ambao wengi wanauhesabu kuwa andiko la kale kuliko yote ya Agano Jipya, uliandikwa karibu na mwaka 51. Kabla yake, kwa miaka kama 20, Wakristo walikuwa wamekwisha kubatiza, kuumega mkate, kuwawekea watu mikono na kuwazika wafu wao, nao hawakuwa na hata ukurasa mmoja wa Injili. Na katika waraka wa pili kwa Watesalonike, sura ya 2, Mtume Paulo anawaagiza washike yale waliyofundishwa kwa maneno ya kinywa na yale waliyofundishwa kwa barua. Hayo ya kinywa ndiyo tunayoyaita Mapokeo ya Mitume.

Tena orodha ya vitabu vya Biblia haimo ndani ya Biblia. Fungueni mahali po pote, hamtaona Mtume akihesabu vitabu vyote na kusema ni hivi wala si vingine. Ilikuwa kazi ya Kanisa kutambua, na ni vizuri vijana wetu wajue kwamba katika kazi hiyo maaskofu wa Afrika walitangulia sana. Walikutana Hipo mwaka 393, mji ambao leo unaitwa Annaba katika Aljeria; wakakutana tena Kartago, karibu na Tunis ya leo, mwaka 397; wakaandika orodha ambayo Wakatoliki tunaisoma mpaka sasa. Mtakatifu Augustino alikuwapo Hipo akiwa bado padri. Mtaguso wa Trento mwaka 1546 uliithibitisha orodha hiyo hiyo.

Ndani ya orodha hiyo vimo vitabu viwili vya Wamakabayo. Biblia aliyoshika kijana wetu usiku ule haikuwa na vitabu hivyo, maana Waprotestanti hawavihesabu kuwa Maandiko. Na katika cha pili, sura ya 12, kuna jambo ambalo angeweza kulielewa mara moja mtu ye yote wa Kivu. Yuda alikwenda na watu wake kuwazika askari waliouawa vitani. Walipoinua maiti, wakakuta chini ya kanzu zao hirizi za miungu ya Yamnia. Walikufa wakipigania Israeli, lakini wamefunga hirizi mwilini! Yuda hakuwatupa. Alisali pamoja na wenzake ili dhambi ile ifutwe, akachanga fedha, akazituma Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Na mwandishi anamsifu kwa sababu aliutazamia ufufuko. Hapo ndipo imeandikwa, mwanangu. Najua utaniambia kitabu hicho hukikubali. Vema, lakini hapo tumekwisha kuacha swali la kwanza. Sasa hatuulizi tena imeandikwa wapi, bali tunauliza ni nani mwenye mamlaka ya kusema kipi ni Maandiko.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Ufunuo iliyotangazwa tarehe 18 Novemba 1965, ulieleza mambo haya kwa unyenyekevu ambao hata sisi Wakatoliki twausahau. Unafundisha kwamba Maandiko na Mapokeo yanatoka katika chemchemi moja. Na kwamba mamlaka ya kufundisha katika Kanisa haiko juu ya neno la Mungu, bali yalitumikia. Askofu hawezi kubuni anachotaka. Padri vile vile. Na sisi walei, tunaopenda kuongeza sala juu ya sala na desturi juu ya desturi, je?

Hapa nataka kuwasimulia juu ya mama mmoja Mwafrika, kwa kuwa kisa chake kinatufaa kuliko hoja nyingi. Ni Mtakatifu Monika, mama yake Augustino. Katika nchi yake, huko Afrika ya Kaskazini, Wakristo walikuwa na desturi ya kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi, wakala na kunywa pale kwa heshima yao. Monika alifanya hivyo kwa kiasi, na kikombe kimoja kidogo cha divai iliyotiwa maji kilimtosha kuzunguka makaburi yote. Alipomfuata mwanawe mpaka Milano, Italia, akachukua kikapu chake kama kawaida, akaenda kanisani. Bawabu akamzuia mlangoni. Askofu Ambrosi amekataza, akaambiwa. Sababu zilikuwa mbili: walevi walijificha nyuma ya desturi hiyo, tena ilifanana mno na karamu ambazo wapagani waliwafanyia wafu wao.

Fikirini, wasomaji. Mama wa watu, mgeni katika mji wa watu, ana kikapu mkononi, nia yake ni safi kama maji ya mlimani, na desturi ni ya kwao tangu zamani. Angeweza kulia. Angeweza kusema kwamba Wazungu wa Milano wanadharau Waafrika. Yeye akageuka, akarudi nyumbani na kikapu chake. Tangu siku ile alikwenda makaburini na sala tu, na kile alichoweza kukitoa akawapa maskini. Augustino anaandika juu ya jambo hilo katika kitabu cha Maungamo, akistaajabia utii wa mamaye. Kisha anaongeza, kwa ukweli ninaoupenda, kwamba labda asingekubali upesi hivyo kama aliyekataza angekuwa mtu mwingine, asiye Ambrosi aliyempenda. Hata watakatifu husaidiwa na mapendo kutii.

Na mwaka 387, alipokuwa akifa huko Ostia, mbali na kwao, Monika aliwaambia wanawe wasihangaike na mahali pa kuuzika mwili wake. Aliwaomba jambo moja tu: wamkumbuke mbele ya altare ya Bwana, po pote watakapokuwa. Desturi ya kikapu iliachwa. Sala ya altareni ikabaki. Mama huyo alijua kuipambanua moja na nyingine.

Je, sisi wa Bukavu twajua? Katika matanga yetu, kipi ni kikapu na kipi ni altare? Nyumba ile ya Kadutu iliponunua vikwembe vya namna moja kwa ajili ya jamaa wote, hakuna aliyeuliza imeandikwa wapi. Kasiksi ilipoletwa madumu kwa madumu, hakuna aliyeuliza. Wageni walikula siku zote za kilio, na walipoondoka mjane alibaki na deni ambalo alikuwa akililipa bado miezi mingi baadaye kwa kuuza makala sokoni. Kila mmoja alikuwa na nia njema: kumheshimu marehemu, kuonyesha umoja wa ukoo. Lakini Bwana alisema juu ya watu wanaokula nyumba za wajane na huku wanasali sala ndefu. Someni Marko 12. Wazee wale waliomkasirikia kijana kwa ajili ya rozari walikuwa wamevaa vikwembe vya deni. Nami nilikuwa na changu.

Augustino, alipokuwa askofu, aliliona jambo hili hili. Karibu na mwaka 400 alimwandikia mtu mmoja, Yanuari, aliyemwuliza juu ya desturi za Makanisa mbali mbali. Alimjibu kwamba yale yaliyo tofauti kutoka nchi hadi nchi, kama vile kufunga au kutofunga siku ya Jumamosi, mtu afuate Kanisa la mahali alipo, asivunje amani. Lakini yale yasiyokuwa na mamlaka ya Maandiko, wala ya mitaguso ya maaskofu, wala ya desturi ya Kanisa lote, tena hata sababu yake haionekani, hayo yakatwe kila inapowezekana. Alilalamika kwamba huko kwao aliyebatizwa juzi akikanyaga chini kwa mguu mtupu analaumiwa kuliko mlevi. Dini ambayo huruma ya Mungu iliifanya huru, yenye masakramenti machache na wazi, watu walikuwa wameilemeza kwa mizigo. Miaka 1,600 imepita, na barua hiyo ingeweza kusomwa leo katika Bagira au Panzi, kila mtu akatazama chini.

Kuna wengine watakaosema: basi tuyakate yote ya Kiafrika, tubaki na ya Roma. La, hiyo siyo njia, na Kanisa la Kongo limelionyesha kwa subira kubwa. Tangu mwaka 1969 maaskofu wetu walianza kutengeneza taratibu ya Misa inayolingana na watu wao. Walijaribu, wakaandikiana na Roma, wakasahihishwa, wakangoja. Kibali kilitolewa tarehe 30 Aprili 1988, baada ya miaka karibu 20. Ndiyo taratibu tunayoiita Misa ya Kongo, au ya Zaire kwa jina la nchi la wakati ule. Tarehe 1 Desemba 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliiadhimisha pamoja na Wakongomani katika Basilika la Mtakatifu Petro, Roma.

Ndani yake kuna jambo linalowashtua wengine: mwanzoni, pamoja na Bikira Maria na watakatifu, wanaitwa mababu zetu wenye moyo mnyofu. Kijana wetu angeuliza kwa haki: imeandikwa wapi? Neno lenyewe halimo. Lakini Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, wawataja Abeli, Noa na Abrahamu, watu waliokufa kabla Kristo hajazaliwa, walioiona ahadi kwa mbali. Na sura ya 12 inasema kwamba mashahidi hao wametuzunguka kama wingu. Wazee wa Bushi waliomtaja Nyamuzinda kabla ya kuja kwa wamisionari, wakahukumu kwa haki, wasimdhulumu yatima, je, Mungu hakuwaona? Hata hivyo tazameni jinsi Kanisa lilivyochuja. Hawaitwi mababu wote, bali wanyofu. Hawamwagiwi pombe. Hawatolewi mbuzi. Hawaogopwi. Ibada ya Lyangombe, yenye kutafuta nguvu za mizimu, haikuingia mlangoni.

Na mahali pengine Misa hii imekuwa karibu na Maandiko kuliko watu wanavyofikiri. Tendo la toba halifanywi mwanzoni. Twasikiliza kwanza neno la Mungu na mahubiri, kisha twaungama makosa, twanyunyiziwa maji, twapeana amani, ndipo tunapopeleka vipaji altareni. Someni Mathayo 5: anayeleta sadaka akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aende akapatane naye kwanza. Kwa habari ya kuketi wakati wa Injili badala ya kusimama, hapo hakuna aya upande huu wala upande huo. Ni adabu ya kwetu mbele ya mkubwa anaponena, na Kanisa limeiruhusu. Si kila kitu kinahitaji vita.

Subira hiyo inaonekana hata katika jambo linalotugusa moyo zaidi hapa mjini. Askofu Mkuu Kristofa Munzihirwa aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, baada ya kuwatetea wakimbizi na raia kwa sauti ambayo wengi walitaka inyamaze. Kuna wakristo ambao tangu siku ile wamekwisha kumwita mtakatifu. Nawaelewa, mimi mwenyewe nimeomba kwa jina lake chumbani mwangu, na hilo halikatazwi. Lakini kumwekea altare au kumfanyia sikukuu kanisani kabla ya hukumu ya Kanisa, hapana. Mapadri Luigi Carrara na Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin na Padri Albert Joubert waliuawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, nao walitangazwa wenye heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Ni miaka karibu 60. Wapo waliowafahamu ambao walikufa wakingoja. Kungoja huko kunaumiza, lakini ndiyo tofauti kati ya upendo wetu na mamlaka.

Kinyume cha subira hiyo ni zile sala zinazotembea katika simu: soma mara tisa, peleka kwa watu tisa, usipopeleka utapatwa na mabaya. Nyingine zimetiwa picha ya Bikira Maria. Kuhusu hizo sina maneno mengi. Mungu anayetisha watu kwa simu si Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo; zifuteni. Na mafuta au maji yanayouzwa kwa wagonjwa kwa jina la baraka, tukumbuke Simoni wa Samaria katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, na jibu alilopewa na Petro juu ya fedha zake.

Mwaka wa marehemu wa Kadutu umetimia juzi. Asubuhi tulimwombea Misani. Jioni tulikusanyika tena nyumbani mwake. Safari hii mama alikuwa amesema mapema kwamba hataki vikwembe wala kasiksi. Chai na mikate vingetosha, na fedha iliyobaki ilipelekwa shuleni kwa ajili ya mtoto wa jirani aliyefukuzwa kwa kukosa malipo. Wajomba wawili walinung’unika, na mmoja hakuja.

Mwana alikuja. Mama alimwomba asome Injili, naye akasoma habari za Lazaro na Marta, kwa sauti nzuri, polepole, kama alivyofundishwa zamani na katekista wetu. Msimamizi alipotoa rozari, kijana aliinama mbele ya mama yake, akatoka barazani. Mama akamtuma mjukuu ampelekee kiti.

Tulipomaliza nilimkuta bado ameketi pale, Biblia imefungwa magotini, akitazama taa za upande wa ziwa. “Mwalimu,” akaniuliza, “ile ya Wamakabayo unayo?” Nikamwambia ninayo. Siku ya pili nilimpelekea. Hajairudisha bado.